Mtoto wa Ziwa Aingia Majini

Filister alikuwa bado amelala kifudifudi juu ya benchi, mikono ikipiga hewa na miguu ikipiga hewa, kivuli cha Mama Antony kilipoingia mlangoni kabla ya mwenyewe.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, na nimesikia wengine wenu mmemwonea huruma wiki nzima. Mwoneeni, lakini msisahau kwamba alijitakia.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Mama Antony, yaani Rahab, mjane wa marehemu Gichuru na mwenye plot ya vyumba ishirini na viwili kule Kawangware, ametimiza miaka sabini. Binti yake Waithira, aliye ng'ambo, amempa zawadi ambayo Kawangware yote inaizungumzia: wiki moja ya kuishi ndani ya boti kwenye visiwa vya Shelisheli. Kulala humo, kula humo, kuamka kisiwa hiki na kulala kisiwa kile, na kazi pekee ni kunyoosha miguu juani. Nafasi ni za watu wawili.

Mama Antony anaogopa maji. Alisema atakwenda na mtu anayeyajua, tena mwanamke. Filister, anayemfulia nguo Jumanne na Ijumaa, aliyasikia hayo akikamua blanketi, na bila kupepesa jicho akajibu kwamba yeye ni mtoto wa ziwa, alishika kasia akiwa na miaka saba, na kuogelea kwake ni kama kutembea.

Ukweli ni kwamba Filister alizaliwa Silanga, Kibera, na bado anaishi hapo hapo. Maji makubwa zaidi aliyowahi kuvuka ni yale yanayoteremka kwenye mtaro mwezi wa Aprili.

Si boti iliyomvuta. Ni lile neno, kupumzika. Ana miaka thelathini na tisa, na tangu amalize darasa la nane hajamaliza wiki bila kuinamia beseni la mtu. Pasipoti anayo tangu alipotaka kwenda kufanya kazi Uarabuni, safari ikafia njiani. Alipolisikia neno lile, ulimi ulitangulia, akili ikabaki nyuma ikimwita.

Ndiyo maana alikuwa juu ya benchi. Benchi ni la Osewe, fundi wa jiko, kaka yake wa baba mkubwa. Osewe kweli alitoka kisiwani Rusinga, kule Ziwa Victoria, na alikubali kumfundisha kuogelea huku akipiga mabati yake.

Sasa Mama Antony alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, mkoba wake na sweta yake ya kanisani. Miaka yote aliyofuliwa nguo na Filister hakuwahi kukanyaga Silanga. Alimtazama Filister, akamtazama Osewe, akauliza kwa upole kama huyu mtu ni mgonjwa.

Filister aliganda hapo hapo, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma. Osewe ndiye aliyepata maneno.

"Ni mazoezi, mathe. Mtu wa ziwa akikaa sana bila maji, mwili unasahau. Lazima akumbushwe."

Filister alifumba macho akingoja kufukuzwa. Badala yake alisikia mkoba ukiwekwa chini.

"Basi hilo ndilo limenileta," alisema Mama Antony. "Nimekaa nyumbani nikifikiria, huyu Filister akilala usingizi mzito na mimi nianguke, nitafanya nini? Nipe benchi na mimi."

Osewe alitafuta benchi la pili, akalipangusa masizi mara tatu, akaligeuza upande wenye misumari michache. Mama Antony alikaza kitambaa kichwani, akalala kifudifudi kwa heshima zote, akaanza kupiga hewa. Osewe alisimama kati yao na nyundo mkononi akihesabu moja mbili, moja mbili, akiwasihi wageuze shingo wanapovuta pumzi. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua jiko lake alichungulia, akaona wanawake wawili wazima wakiogelea juu ya mbao, akaondoka bila kuuliza.

Mama Antony alikuwa mwepesi kuliko Filister. Baada ya dakika kumi Osewe alimsifu kwamba amefika katikati ya ziwa. Sifa hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu, kwa sababu mzee aliinuka, akajipangusa, akasema benchi ni benchi tu, halina maji. Si ameona maji akija? Pale chini kuna bwawa, Nairobi Dam. Twendeni Filister akampitishe kidogo juu ya maji, azoee kabla ya safari ya Jumamosi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Filister alisema maji ya dam ni machafu. Mama Antony akajibu kwamba hataki kuyanywa. Filister akasema kuna jua kali. Mama Antony akainua mwavuli. Akasema hakuna boti, na hapo akadhani amepona. Lakini Osewe, ambaye Mungu alimpa mikono ya dhahabu na mdomo usio na mlango, alisema, "Muia anayo."

Muia ni yule jirani anayelima nduma na sukuma wiki kwenye ukingo wa dam. Kitu chake cha kuelea ni mbao tano zilizofungwa kwa kamba juu ya mitungi minane ya lita ishirini, na hukitumia kuvuka kwenda kukata magugu ya maji. Yeye hukiita meli. Alipoelezwa kwamba abiria ni mama mwenye plot kutoka Kawangware, alikimbia nyumbani akaleta kiti cha plastiki, akakikazia katikati ya mbao kwa waya. Kisha akamkabidhi Filister mti mrefu wa kusukumia, akasema meli inabeba wawili tu, tena wasicheke sana.

Mama Antony alipanda kwanza, akakaa, akafungua mwavuli. Filister alipanda nyuma yake. Osewe na Muia walisukuma.

Kwa hatua chache za mwanzo mambo yalikwenda vizuri, kwa kuwa ni wao waliokuwa wakisukuma. Walipoachilia, Filister alichomeka mti majini upande wa kulia, meli ikageuka kushoto. Akachomeka kushoto, ikageuka kulia. Akaongeza nguvu, na meli ikaanza kuzunguka taratibu kama ng'ombe aliyefungwa kwenye nguzo. Mama Antony aliwapita Osewe na Muia kwa macho mara ya kwanza, akawapungia mkono. Alipowapita mara ya tatu aliuliza kama wamesahau kitu.

"Tunaangalia upepo," alisema Filister.

"Ooh," alisema Mama Antony, akaridhika.

Upepo wenyewe ndio uliowaonea huruma, au tuseme uliwachezea. Uliisukuma meli mpaka ikaingia kwenye magugu ya maji, yale majani mazito ya kijani yanayofunika dam kama shamba. Filister alitia mti chini kwa nguvu zake zote ili wajinasue. Mti ulizama kwenye tope, ukashikwa. Alivuta. Meli iliteleza mbele, mti ukabaki nyuma, na ilibidi achague kati ya kuushikilia na kubaki na abiria wake. Alibaki na abiria wake. Mti ulisimama peke yake majini, umenyooka kama nguzo ya stima.

Walikwama. Mbele magugu, nyuma magugu. Ukingoni watu walikuwa wameanza kukusanyika, maana Silanga hakuna sinema inayozidi mtu aliyekwama.

Filister alingoja Mama Antony aogope. Lakini mzee alikuwa ameshusha mwavuli begani, anatazama ndege weupe waliokuwa wakitembea juu ya majani bila kuzama. Kelele za mtaa zilikuwa mbali. Alivuta pumzi kwa pua, akatoa polepole, jinsi Osewe alivyomfundisha.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," alisema. "Mtu anakaa tu."

Halafu, bila kugeuka, alianza kuzungumza. Alisema tangu Gichuru aende ni miaka mitano, na nyumba ina vyumba sita, na anajua sauti ya kila mlango. Watoto ni wazuri, hawana neno. Waithira anapiga simu kila Jumapili. Antony anakuja kila mwisho wa mwezi, anamuuliza kama amekunywa dawa, anamwambia amezeeka, asitembee ovyo. Hata safari hii Antony haitaki, anatafuta sababu moja tu aifute. Mama Antony alisema watu wanafikiri anataka mtu wa kumwokoa akianguka majini.

"Unajua ni siku gani nasikia mtu akiimba kwangu, Filister? Jumanne na Ijumaa. Siku zingine nawasha redio kila chumba. Wiki nzima kwenye boti na kimya changu peke yangu, si ningerukwa na akili? Nikasema nitakwenda na huyu."

Filister alikuwa amejiandaa kwa maswali ya upepo na samaki, si kwa hili. Angeweza kunyamaza. Jumamosi ilikuwa karibu, tiketi ilikuwa na jina lake, na wiki ile ya kupumzika ilikuwa pale mbele yake kama sahani iliyopakuliwa. Lakini mtu aliyemwamini kiasi kile alikuwa amempa mgongo juu ya mitungi minane, na uongo ule ulianza kumkaa vibaya kama kiatu cha kuazima.

"Mama Antony," alisema, "mimi sijui kuogelea. Mimi ni wa hapa, nimezaliwa hapa Silanga. Ziwa nimeliona mara mbili tu, na zote ni matanga, tena nikiwa ndani ya basi. Kasia sijawahi kushika. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka kupumzika."

Ndege mmoja aliruka. Mama Antony hakugeuka. Filister aliona mabega yake tu, na sweta, na mwavuli ukishuka polepole mpaka ukagusa mbao.

Mwishowe mzee alisema neno moja.

"Nirudishe."

Kurudisha ni rahisi kusema. Mti ulikuwa kule ulikosimama, umbali wa mtu kulala mara tatu. Filister alijaribu kupiga maji kwa mkono, akachota magugu. Aliita ukingoni. Osewe na Muia walikuwa wakibishana kama kamba iliyoko inafika, na haikufika. Ulibaki mlango mmoja, na Filister alikuwa akiuepuka tangu asubuhi.

Alivua sweta, akamwekea Mama Antony mapajani. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba kama hatatoka, ufunguo wa nyumba uko juu ya dirisha la Osewe, na masufuria apewe mdogo wake Trizah. Aliomba sala fupi, nusu Kiswahili nusu Kijaluo, ili ifike kwa njia zote mbili. Akaziba pua kwa vidole. Akashuka.

Maji yalimfika mapajani, yakakoma hapo.

Alisimama, macho bado amefumba, pua bado ameishika, akingoja kuzama. Chini kulikuwa na tope laini, na tope lilimfika kwenye magoti. Alifungua jicho moja. Mama Antony alikuwa anamtazama kutoka juu ya kiti.

Filister alishika kamba ya mbele, akaizungusha begani, akaanza kuvuta. Alivuta akiwa ameinama kama anavuta mkokoteni, hatua moja tope, hatua ya pili tope, magugu yakimfunga kiuno kama leso. Kandambili ya kushoto ilibaki huko chini na iko huko mpaka sasa. Mama Antony alikaa wima kitini, mwavuli juu tena, mkoba mapajani, akiletwa nchi kavu kama bibi harusi. Watu wa Silanga waliwafungulia njia, na yupo aliyeanzisha wimbo, wengine wakaupokea.

Walipofika, Osewe alimpa mzee mkono. Mama Antony alishuka bila hata kulowa kisigino. Filister alibaki ndani ya maji mafupi, ametapakaa tope mpaka kiunoni, akijua kwamba Ijumaa beseni la Kawangware litakuwa na mtu mwingine.

"Ulijua hayo maji ni mafupi?" aliuliza Mama Antony.

"Sikujua."

"Ulifikiri ni marefu, na ukaingia."

"Sasa ningefanya nini, Mama Antony? Na wewe uko huko juu."

Mzee alifungua mkoba, akatoa leso ya kufutia, akampa ajifute uso, ingawa uso ndio uliokuwa safi.

"Ijumaa njoo kama kawaida," alisema, "lakini usifue. Njoo tupange nguo. Sanduku ni moja, zako zitakaa upande wa kushoto."

Filister alijifuta uso ule ule safi mara ya pili. Osewe alipiga makofi, Muia akapiga, na wale wasiojua kilichosemwa nao wakapiga.

Ni Mama Antony peke yake ambaye hakutabasamu. Alikuwa ameingiza mkono tena kwenye mkoba, na sasa alitoa bahasha ndefu nyeupe, akaishika kwa vidole viwili kana kwamba ina moto.

"Lakini kuna jambo," alisema. "Nimekusikiliza kule majini nikanyamaza. Hukuona? Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nahesabu siku."

Alieleza polepole, macho chini, na ilikuwa mara ya kwanza Filister kumwona mwenye plot akiona haya. Boti ile ilikuwa na nahodha wake, mwanamume. Naye Mama Antony ni mzee wa kanisa, kiongozi wa akina mama. Angelalaje chombo kimoja, usiku saba, na mwanamume asiyemjua, kisha arudi kusimama mbele ya watu Jumapili? Akamwambia Waithira amwondoe huyo mtu. Waithira akauliza, sasa boti itaendeshwa na nani? Naye, akiwa na uhakika wote, akamjibu.

Filister alipokea karatasi kwa mkono wenye tope. Ilikuwa ya Kiingereza, naye aliisoma akifuata mstari kwa kidole. Watu wa boti walikuwa wanafurahi. Walisema wamepokea maelezo, wameridhika, na kwamba yule nahodha wao wamempa likizo. Boti ina vyumba vinne, na urefu wake ni mita kumi na nne, yaani vyumba vinne na zaidi vya plot ya Kawangware vikipangwa mstari mmoja. Jumapili saa tatu asubuhi itatolewa bandarini mbele ya mkaguzi. Chini kabisa kulikuwa na jina lililopigwa chapa kwa herufi kubwa.

Nahodha: Filister Anyango. Uzoefu: miaka thelathini na miwili.

Alilisoma mara mbili. Herufi hazikubadilika.

"Mwambie Waithira ukweli," alisema, na sauti yake haikuwa yake.

"Waithira atamwambia Antony kabla sijakata simu. Na Antony anangoja hiyo tu. Safari imekwisha, na mimi sitoki tena nje ya geti mpaka wanibebe." Mama Antony alikunja bahasha. "Tuna kesho na kesho kutwa. Huyu kaka yako ametoka ziwani kweli, au naye ni wa hapa?"

"Huyo ni wa Rusinga kweli," alisema Filister haraka, na kwa mara ya kwanza tangu asome ile barua alipumua. "Amekulia kwenye boti. Osewe, si utatufundisha?"

Wote wawili waligeuka. Osewe alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu. Alimtazama Muia. Akatazama ile meli ya mitungi. Mwishowe akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nimetoka huko kweli, mathe," alisema. "Lakini hakuna mtu amewahi kuniuliza kwa nini nilitoka."

Hakuna aliyemuuliza hata sasa.

"Boti ya mwisho kushikwa na hii mikono iko chini ya ziwa mpaka leo. Ilikuwa ya chifu. Bado ananitafuta."